Ubadilishaji wa mafaili ya michoro ya kiufundi kwa ajili ya uchapaji

Ubadilishaji wa mafaili ya michoro ya kiufundi kwa ajili ya uchapaji ni kazi ya kuchukua mchoro uliotengenezwa kwa programu ya usanifu ya kompyuta, kwa mfano ramani ya nyumba, mchoro wa kipuri cha mashine au ramani ya viwanja, na kuuhamishia katika aina ya faili inayoweza kuwekwa kwenye ukurasa wa kitabu, kijitabu, ripoti au gazeti. Mafaili ya asili kwa kawaida ni ya aina ya DWG au DXF. Programu za kupanga kurasa hupokea zaidi PDF, SVG na EPS. Picha za aina ya TIFF, PNG na JPEG nazo hupokelewa, lakini kwa mchoro wa kiufundi hizo ni chaguo la mwisho.

Kazi hii ni tofauti na kuandaa picha ya kawaida, kwa sababu mchoro wa kiufundi ni vipimo vilivyoandikwa kwa mistari. Picha ya twiga ikipunguzwa kidogo bado ni twiga yuleyule. Mchoro wa mhimili wa mashine ukipunguzwa kidogo bila taarifa, anayeupima kwa rula atachonga mhimili mwingine.

Mkoani Singida, kama ilivyo sehemu nyingine za Tanzania, wanaotumia michoro iliyochapwa ni wengi kuliko wanaotumia kompyuta za usanifu: fundi mwashi anayejenga darasa, fundi vyuma anayetengeneza au kukarabati mashine za kukamua mafuta ya alizeti, mwanafunzi wa chuo cha ufundi stadi, kamati ya ujenzi ya shule, na mwanakijiji anayetaka kujua mpaka wa shamba lake unapita wapi. Wengi wao hawalioni kamwe faili la asili. Wanachoshika mkononi ni karatasi, na mara nyingi ni kopi ya kopi. Kosa lililofanyika wakati wa kubadilisha faili huwafikia likiwa na sura ya ukweli.

Vekta na rasta

Faili la mchoro wa kiufundi ni la vekta. Ndani yake kuna maelezo kama "mstari kutoka nukta hii hadi nukta ile, wa unene huu, kwenye tabaka hili". Kwa kuwa mstari umehifadhiwa kama maelezo na si kama alama za wino, unaweza kukuzwa au kupunguzwa kiasi chochote na ukabaki na kingo kali. Faili la rasta huhifadhi mchoro kama vidoti vidogo vinavyoitwa pikseli, kama mkeka uliofumwa kwa ukili wa rangi mbalimbali. Ukiukuza, ukili unaanza kuonekana.

Kosa la kwanza na la kawaida zaidi ni kupiga picha ya skrini ya kompyuta na kuiweka kwenye ukurasa. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina kioo chenye pikseli 1,366 kwa upana. Picha ya skrini nzima ikiwekwa mahali penye upana wa milimita 170, itakuwa na pikseli takriban 204 tu kwa kila inchi. Picha ya rangi huridhisha kwa pikseli 300 kwa inchi, na mchoro wa mistari mitupu huhitaji kama 1,200, kwa sababu jicho hutambua haraka ngazi ndogondogo kwenye mstari wa mshazari kuliko kwenye shavu la mtu. Aina ya JPEG huongeza tatizo: ilibuniwa kwa ajili ya picha za kamera, na huacha kitu kama vumbi pembeni mwa kila mstari na kila herufi.

Tanzania kuna njia nyingine ya kuharibu mchoro, nayo ni simu. Faili likitumwa kwa WhatsApp kama picha, programu hiyo hulipunguza ili lipite upesi. Likitumwa kama hati, hubaki lilivyo. Mchoro uliotoka ofisini Singida ukiwa safi unaweza kumfikia mchapaji Dodoma ukiwa umefifia kwa sababu hiyo peke yake.

Asili ya tatizo

Programu ya AutoCAD ilitolewa na kampuni ya Autodesk ya Marekani mwezi Desemba 1982, pamoja na aina ya faili ya DXF iliyokusudiwa kubadilishana michoro na programu nyingine. Miaka miwili baadaye kampuni ya Adobe ilitoa lugha ya PostScript, ambayo iliwezesha kompyuta kumweleza mashine ya kuchapa mahali hasa pa kuweka wino. Kutoka kwa PostScript ilizaliwa EPS, na mwaka 1993 PDF, ambayo ilifanywa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2008. SVG, iliyokusudiwa intaneti, iliidhinishwa mwaka 2001.

Matawi hayo mawili yalikua mbalimbali, na tofauti yao ndiyo chanzo cha karibu kila shida inayoelezwa hapa chini. Faili la DXF halina lazima ya kuwa na ukurasa. Ni uwanja usio na mwisho, na namba zilizomo zinaweza kuwa milimita, mita au futi, kadiri mchoraji alivyokuwa na nia. Faili la PDF ni ukurasa tangu mwanzo, na kizio chake ni pointi, yaani sehemu moja ya 72 ya inchi. Ukurasa wa A4, ambao ni milimita 210 kwa 297, ndani ya PDF ni pointi 595 kwa 842. Kwa hiyo anayebadilisha faili hafanyi tafsiri ya neno kwa neno: lazima aamue namba 12,000 iliyo katika mchoro itakuwa urefu gani kwenye karatasi. Asipoamua yeye, programu itaamua kwa niaba yake, na haitamwambia.

Kizio cha namba

Mafaili mapya ya DXF yana mahali pa kutaja kizio, lakini wachoraji wengi hupaacha wazi, na mafaili ya zamani hayana kabisa. Programu inayopokea faili kama hilo hubahatisha. Ikidhani kwamba milimita ni inchi, mchoro utakuwa mkubwa mara 25.4, ikidhani kwamba mita ni milimita, nyumba nzima itakuwa doti. Makosa ya ukubwa huo si ya hatari, kwa kuwa kila mtu huyaona. Yanayoponza ni yale madogo.

Nyumba ya urefu wa mita 12 haiwezi kuhamishwa kwenda ukurasa wa PDF kwa ukubwa wake halisi. Kwa muda mrefu kiwango hicho kilikuwa na kikomo cha vizio 14,400 kwa kila upande, ambavyo ni inchi 200, sawa na mita 5.08. Ndiyo maana skeli haina budi kuchaguliwa mapema, kabla ya faili kutoka katika programu ya usanifu.

Skeli

Skeli, au kipimio, ni uwiano kati ya urefu kwenye karatasi na urefu halisi. Mchoro wa 1:100 una milimita 10 kwa kila mita 1. Ramani nyingi za nyumba huchorwa kwenye karatasi ya A3 au kubwa zaidi, na vitabu na ripoti nyingi huchapwa kwa A4 au chini ya hapo. Karatasi za mfululizo wa A zimepangwa hivi kwamba kushuka hatua moja hupunguza kila urefu mara 0.707. Mchoro wa 1:100 uliotoka A3 kwenda A4 si 1:100 tena. Ni takriban 1:141. Lakini maandishi "SKELI 1:100" yaliyo kwenye kona ya mchoro hayajui kwamba yamehamishwa. Yanabaki yalivyo, na tangu hapo karatasi inasema uongo.

Chukua chumba cha upana wa mita 4. Kwenye mchoro wa asili kina milimita 40. Kwenye A4 kina milimita 28 na kidogo. Fundi anayeamini maandishi ya kona na kupima kwa rula atapata mita 2.83. Kwa chumba kizima atashtuka, kwa kuwa kipimo chake kimeandikwa na hakilingani. Umbali wa dirisha kutoka kwenye kona, ambao mchoraji hakuuandika, hautamshtua.

Kanuni inayofundishwa katika somo la uchoraji wa kiufundi ni kusoma vipimo vilivyoandikwa na kutopima mchoro kwa rula. Ni kanuni njema, na mwanafunzi wa Ifunda, Moshi au Tanga aliyefundishwa ufundi shuleni anaijua. Kwenye eneo la ujenzi mambo ni mengine: mchoro uliopunguzwa umebanana, baadhi ya vipimo havisomeki, na kazi haisubiri. Rula ndiyo inayobaki. Mwaka 2021 serikali ya Tanzania iligharamia ujenzi wa madarasa 15,000 nchini kote, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na mafundi wa maeneo husika chini ya kamati za shule badala ya makampuni ya ukandarasi. Ujenzi wa namna hiyo hutegemea ramani moja ya mfano inayonakiliwa mara nyingi, kutoka ofisi hadi ofisi, kabla ya kufika kwa mwashi.

Dawa yake ni skeli ya mstari, yaani kipande cha mstari kilichogawanywa na kuandikwa mita zake, kama kile kilicho chini ya ramani za jiografia. Mstari huo hupungua na kukua pamoja na mchoro, hata kwenye fotokopi. Skeli ya uwiano iandikwe tu pale ambapo ukubwa wa karatasi umetajwa pamoja nayo, kwa mfano "1:100 kwenye A3", na ikiwa mchoro umepunguzwa kwa ajili ya kitabu, uwiano wa zamani ufutwe. Kuuacha kwa heshima ya mchoraji ni heshima isiyo na faida.

Zaidi ya hayo, printa nyingi zina chaguo la "kutosheleza ukurasa" ambalo huwa limewashwa tayari. Hupunguza ukurasa kwa asilimia chache ili kuacha pambizo. Ukuta wa mita 10 kwa skeli ya 1:100 unapaswa kuwa milimita 100. Ukichapwa kwa asilimia 97 unakuwa milimita 97, na kwa rula ni mita 9.7. Hakuna jicho litakalogundua.

Namba kubwa za ramani za viwanja

Michoro ya upimaji wa ardhi ina tatizo lake, ambalo mara nyingi huwashangaza hata wazoefu wa kompyuta. Ramani hizo hutumia namba halisi za mahali duniani. Mji wa Singida uko karibu na latitudo 4°49′ kusini na longitudo 34°45′ mashariki. Katika mfumo wa UTM mji huo uko katika kanda ya 36 Kusini, na mahali pake ni takriban mita 694,000 kwa mashariki na mita 9,467,000 kwa kaskazini. Namba ya pili ni kubwa kwa sababu kusini mwa ikweta hesabu huanzia mita 10,000,000 kwenye ikweta na kupungua kadiri mtu anavyokwenda kusini.

Programu za usanifu na za ramani huhifadhi namba kwa biti 64, na hapo hakuna shida. Lakini baadhi ya programu za michoro ya kurasa hutumia biti 32, ambazo hubeba kama tarakimu saba tu za uhakika. Kona ya kiwanja iliyoko 9,467,123.45 ina tarakimu tisa. Kwa namba ya ukubwa huo, biti 32 haziwezi kutofautisha chochote kilicho chini ya mita 1: nukta zote huhamia kwenye mita kamili iliyo karibu. Kwa upande wa mashariki, ambako namba ni ndogo, hatua ni sentimita 6 na robo. Matokeo yake ni mchoro ambao mistari yake ya mashariki na magharibi inaonekana sawa, huku ya kaskazini na kusini ikiruka kama meno ya msumeno. Ukuta wa sentimita 15 unaweza kutoweka au kuwa mita nzima. Mpaka kati ya majirani wawili unaweza kusogea nusu mita, na kila mmoja ana karatasi yake iliyochapwa.

Tiba ni rahisi na hufanywa kabla ya kubadilisha faili. Mchoro wote husogezwa kwa kutoa namba ya duara kutoka kwenye kila nukta, kwa mfano 694,000 kwa mashariki na 9,467,000 kwa kaskazini, ili kona ya kiwanja iwe 123.45 badala ya 9,467,123.45. Namba zilizotolewa huandikwa kwenye kumbukumbu za faili. Lebo za gridi zilizo pembeni mwa ramani zibaki na namba kamili, kwa kuwa hizo ni maandishi na haziathiriki.

Ramani hizi zina mtego wa pili. Ramani nyingi za Tanzania zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS na picha za setilaiti hutumia WGS 84. Misingi hiyo miwili hupishana kwa mamia ya mita. Anayeweka mchoro wa viwanja juu ya picha ya setilaiti kwa ajili ya kijitabu cha kijiji abadilishe msingi ndani ya programu ya ramani kama QGIS. Kuuburuta mchoro kwa mkono kwenye ukurasa hadi uonekane umekaa sawa ni kubuni mpaka mpya. Hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inahusu kipande cha ardhi kinachojulikana. Kielelezo cha kijitabu hakipaswi kuonyesha kingine.

Unene wa mistari

Waliojifunza uchoraji kabla ya kompyuta wanakumbuka kalamu za wino zilizokuwa na pete za rangi: nyeupe kwa milimita 0.25, njano kwa 0.35, kahawia kwa 0.5 na buluu kwa 0.7. Mfululizo huo si wa kubahatisha. Kila unene ni wa awali mara 1.4 hivi, uwiano uleule wa karatasi za A, ili mchoro ukishuka kutoka A3 kwenda A4 mstari wa 0.7 uwe 0.5 na wa 0.35 uwe 0.25. Unene una maana: mstari mnene huonyesha ukingo au ukuta uliokatwa, mwembamba huonyesha kipimo au kivuli, na wa vipandevipande huonyesha kilichojificha.

Katika AutoCAD, desturi ya miaka mingi ni kuwakilisha unene kwa rangi. Mchoraji huchora ukuta kwa rangi moja na vipimo kwa nyingine, na jedwali la pembeni, lililo katika faili tofauti, huiambia printa kila rangi ichapwe kwa unene gani. Faili la mchoro likitumwa peke yake bila jedwali hilo, mistari yote hufika ikiwa na unene sifuri pamoja na rangi za skrini. Njano iliyong'aa juu ya kioo cheusi haionekani kabisa kwenye karatasi nyeupe.

Unene sifuri ndio mtego mkubwa zaidi katika kazi yote hii. Kwa programu za uchapaji, sifuri maana yake ni "mstari mwembamba kuliko wote unaowezekana kwenye mashine hii". Kwenye printa ya leza ya ofisini yenye doti 600 kwa inchi, huo ni milimita 0.04, na kwa kuwa unga wa wino husambaa kidogo, mstari huonekana vizuri. Kwenye mashine ya kutengeneza bamba za kiwandani yenye doti 2,400 kwa inchi, ni milimita 0.01, ambao wino hauwezi kuushika. Kwa hiyo kopi ya majaribio iliyotolewa steshenari inapendeza, mwandishi anaidhinisha, na kitabu kinarudi kutoka kiwandani kikiwa na vipimo vinavyoelea hewani bila mistari yake.

Mstari ulio na unene halali nao hupungua pamoja na mchoro. Mstari wa 0.25 kwenye karatasi ya A1, ukipunguzwa hadi A4, unakuwa milimita 0.09, ambao ni sawa na robo pointi, mpaka wa chini kwa wachapaji wengi. Wa 0.18 unakuwa 0.06 na hupotea. Kwa kazi itakayonakiliwa kwa fotokopi baada ya kuchapwa, na kazi nyingi za shule na vijiji huishia huko, ni busara kutoshuka chini ya 0.25 kwenye ukubwa wa mwisho.

Rangi

Mchoro wa mistari unapaswa kuchapwa kwa wino mweusi peke yake. Weusi wa skrini ukibadilishwa ovyo kwenda rangi nne za uchapaji hugeuka kuwa mchanganyiko wa wino wa samawati, waridi, njano na mweusi, na bamba nne zikikosa kulingana hata kidogo, kila mstari mwembamba hupata kivuli cha rangi. Kama kielelezo kinahitaji rangi kweli, kwa mfano mabomba ya maji na nyaya za umeme, ni vema pia kutofautisha kwa aina ya mstari, kwa sababu fotokopi haijui rangi.

Maandishi na alama

Programu za usanifu zina fonti zake za mistari mitupu ambazo programu za kurasa hazina. Fonti inayokosekana hubadilishwa na nyingine pana au nyembamba zaidi, na namba huvuka mistari au kufunikana. Njia salama ni kuhakikisha fonti imefungwa ndani ya PDF au kugeuza herufi kuwa mistari. Njia ya pili huzuia kusahihisha maneno baadaye, kwa hiyo nakala yenye herufi halisi itunzwe.

Ukubwa wa herufi husahaulika zaidi. Herufi za milimita 2.5, zinazotosha kwenye A1, zikishuka hadi A4 zina urefu wa milimita 0.9. Hakuna mchapaji anayeweza kuziokoa. Mchoro wa aina hiyo huhitaji kuandikwa upya vipimo vyake kwa ukubwa unaofaa na kuondolewa vile visivyohitajika, kazi ambayo ni ya mhariri anayeelewa mchoro na si ya mpanga kurasa.

Lugha ya Kiswahili haina herufi za kusumbua, isipokuwa alama ya ng' ambayo wakati mwingine hugeuka kuwa alama ya kufunga usemi. Shida iko kwenye alama za kiufundi. AutoCAD huandika alama ya kipenyo kwa msimbo %%c, ya digrii kwa %%d, na ya kuongeza au kupunguza kwa %%p. Programu nyingine isiyojua misimbo hiyo huichapa kama ilivyo, au huitupa. "Ø40" huwa "%%c40", au "040", au "40" tu.

Kwa mkoa unaojulikana kwa alizeti jambo hili si dogo. Mashine ya mkono ya kukamua mafuta ya alizeti iliyobuniwa na Carl Bielenberg huko Arusha katikati ya miaka ya 1980 hufanya kazi kwa pistoni inayosukuma mbegu ndani ya silinda, na mafuta hutoka kwenye nafasi nyembamba. Ilikusudiwa kutengenezwa na karakana ndogo za humu nchini. Katika mashine ya namna hiyo pistoni ikilegea mbegu hurudi nyuma, ikibana haiendi. Mchoro uliopoteza alama ya kipenyo humwacha fundi akijiuliza kama 40 ni kipenyo, nusu kipenyo au urefu. Uliopoteza ± humwambia kwamba kila kipimo ni sawasawa, na hivyo kwamba hakuna kilicho muhimu kuliko kingine.

Programu na hatua za kazi

Njia bora, kila inapowezekana, ni kutoligusa faili la DXF katika programu ya kurasa. Mchoro hufunguliwa katika programu iliyoutengeneza na kuchapwa kwenda PDF ukiwa na skeli, unene na jedwali la rangi sahihi, kwenye karatasi yenye ukubwa uleule wa nafasi iliyotengwa katika kitabu. Kisha PDF huwekwa kwenye ukurasa kwa asilimia 100. Tangu mwaka 1990 AutoCAD ina nafasi ya karatasi iliyotengwa na nafasi ya mchoro wenyewe, na matumizi yake hapa yanaokoa saa nyingi.

Asiyekuwa na programu hiyo ya kulipia anaweza kutumia programu za bure. Faili la DWG hugeuzwa kuwa DXF kwa chombo cha shirika la Open Design Alliance, kisha hufunguliwa katika LibreCAD au QCAD ambako kizio hukaguliwa na tabaka zisizohitajika huzimwa. Inkscape hupokea DXF na kutoa SVG au PDF, na ni mahali pazuri pa kurekebisha unene na herufi, ila skeli iulizwe na kujazwa kwa mkono wakati wa kufungua. Scribus hupanga kurasa na kutoa PDF ya kiwandani. Kwa ramani za ardhi, QGIS hufanya kazi yote kuanzia kuratibu hadi PDF. Chuo cha ufundi au shule yenye kompyuta za kawaida inaweza kuendesha programu zote hizi.

Michoro ya karatasi

Michoro mingi ya zamani haina faili lolote. Mchoro wa mkato wa tembe, nyumba ya paa la udongo iliyojengwa na Wanyaturu na Wagogo, ukiwa umechorwa kwa mkono miaka mingi iliyopita, hauna budi kupigwa skani. Ifanyike kwa doti 600 hadi 1,200 kwa inchi, rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe, na kuhifadhiwa kama TIFF. Kama mchoro hauna skeli ya mstari, rula iwekwe pembeni na kupigwa skani pamoja nao. Kugeuza skani kuwa vekta kwa kubofya kitufe kunajaribiwa na wengi, lakini kompyuta hufuata kingo zote mbili za kila mstari na kuufanya kuwa umbo jembamba lenye mikunjo. Ni afadhali kuchora upya juu ya skani, au kuiacha skani ilivyo. Mstari uliotetemeka kidogo wa mchoraji wa zamani si kosa la kusafishwa.

Haki za mchoro

Michoro ya wasanifu inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hivyo kuichapa huhitaji ruhusa ya mwenyewe hata kama faili lilipokelewa kwa urafiki. Muhuri na saini ya msanifu au mhandisi aliyesajiliwa viondolewe kwenye kielelezo cha kitabu. Muhuri unashuhudia mchoro wa asili. Ukibaki kwenye nakala iliyopunguzwa, mtu anaweza kuipeleka halmashauri au kwa fundi kana kwamba imeidhinishwa.

Ukaguzi

Ukaguzi hufanywa kwenye karatasi, si kwenye kioo. Kabla ya kubadilisha faili, mstari wa kupimia wenye urefu wa milimita 100 kamili huchorwa nje ya mchoro, kwenye tabaka lake. Baada ya kuchapa kopi ya majaribio, mstari huo hupimwa kwa rula ya chuma, wima na ulalo, kwa kuwa mashine za fotokopi hazipunguzi pande zote sawa. Kisha vipimo vitatu au vinne vilivyoandikwa kwenye mchoro hulinganishwa na skeli ya mstari, kimojawapo kikiwa kirefu kinachovuka mchoro wote. Alama zote za kipenyo huhesabiwa kwenye mchoro wa asili na kwenye kopi. Kopi hiyo yenyewe hutolewa fotokopi mara mbili mfululizo, na kama mistari ya vipimo bado inaonekana kwenye ya pili, faili liko tayari kwenda kiwandani, na tabaka la mstari wa kupimia huzimwa.